Mgagani na Ngitili: Historia ya Mboga za Porini Shinyanga na Geita

Mvua za kwanza zinapoanguka Shinyanga, kwa kawaida mwezi Novemba, mboga inayotangulia kuingia sufuriani ni ile ambayo hakuna aliyeipanda. Mgagani huchipua wenyewe kwenye zizi lililohamwa, kando ya njia ya ng'ombe na katika shamba lililovunwa mwaka uliopita. Baada ya wiki nne hadi sita huwa tayari kuchumwa. Jani lake hugawanyika vijani vitano vilivyotanuka kama vidole vya kiganja, shina lina vinyweleo vinavyonata, na harufu yake humfikia mchumaji kabla hajainama. Ladha yake ni chungu, na uchungu huo ndio unaopendwa.

Hauji peke yake. Nyuma yake huja mlenda wa aina kadhaa, na kadiri msimu unavyosonga, vichaka navyo hutoa vyakula vyao: matunda ya furu na ntalali, ukwaju, ubuyu, asali na uyoga. Kwa vizazi vingi Wasukuma wamekula vitu hivi kama kitoweo cha kila siku, wala hawakusubiri njaa ndipo wavitafute.

Ndiyo sababu historia ya mgagani haiandikiki bila historia ya ardhi. Ni nani alifyeka pori, na kwa nini? Ni nani alihamishwa, na aliacha nini nyuma? Ni nani aliruhusiwa kufunga kipande cha malisho kipumzike? Katika miaka mia moja na thelathini iliyopita, kila uamuzi mkubwa kuhusu ardhi ya Shinyanga na Geita ulifika mpaka jikoni.

Kabla ya 1890: zizi, mbuga na majabali

Mwingereza John Hanning Speke alipopita Usukuma mwezi Julai 1858, akitoka Tabora kwenda kulitafuta ziwa kubwa la kaskazini, alikuta nchi ya vijiji, mashamba na makundi ya ng'ombe, yenye mapori yaliyotenga utawala mmoja na mwingine. Tarehe 3 Agosti alilifikia ziwa karibu na Mwanza, na dunia ya Ulaya ikayasikia maeneo haya. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuyapanga kwa namna yao.

Msukuma alizijua ardhi zake kwa majina. Luseni ni mchanga mwepesi wa miteremko chini ya majabali, unaofaa uwele, karanga na viazi. Itogolo ni udongo mgumu wa chini yake, unaoachiwa mifugo zaidi. Mbuga ni udongo mweusi wa bondeni, unaonata masika na kupasuka kiangazi. Majembe ya kuzilimia ardhi hizo yalitoka kwa wahunzi, na miongoni mwa mashuhuri zaidi walikuwa Warongo wa Uzinza, katika nchi ambayo leo ni Geita, waliochoma mkaa na kuyeyusha chuma chao wenyewe.

Katika mpangilio huo mgagani ulikuwa na mahali pake. Ni mmea unaopenda samadi. Nyumba ya Msukuma ilikuwa na zizi, na familia ilipohama kutafuta ardhi mpya, zizi lililoachwa likawa sehemu yenye rutuba kuliko zote. Wanawake waliyajua mazizi ya zamani ya eneo lote na walijua lipi huchipua mapema. Mlenda ulitafutwa kwingine, kwenye mashamba yaliyopumzishwa na katika ardhi ya mchanga.

Mapishi yalifuata tabia ya mmea. Mgagani huchumwa vikonyo vichanga kabla haujachanua, huoshwa, huchemshwa kwenye maji mengi, na maji ya kwanza humwagwa ili uchungu upungue. Kisha huungwa kwa maziwa au kwa karanga zilizotwangwa, na kuachwa motoni taratibu mpaka karanga ziive na mchuzi uwe mzito. Mlenda hukatwakatwa, hutiwa magadi kidogo na kupigwapigwa mpaka uteleze. Vyote viwili huliwa na ugali, ambao zamani ulikuwa wa mtama au uwele.

Lakini masika ya Usukuma ni mafupi na kiangazi ni kirefu, hivyo kukausha kulikuwa muhimu kuliko kupika. Majani yalichemshwa, yakakamuliwa, kisha yakaanikwa juu ya majabali yaliyopata joto la jua, yakawa mboga ya kukaa miezi. Njia hiyo bado ipo. Majani ya kunde yaliyokaushwa, yaani nsansa, hupikwa mpaka leo, na viazi vitamu navyo huhifadhiwa kwa namna mbili: vikikatwa vibichi na kuanikwa huwa michembe, vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa huwa matobolwa. Mwanamke aliyeingia mwezi wa Agosti akiwa na michembe na mboga kavu ndani hakuwa na wasiwasi.

Nguzo nyingine ya maisha hayo ilikuwa ngitili. Mvua zilipoanza, familia au kijiji kilifunga sehemu ya malisho; hakuna ng'ombe aliyeingia humo mpaka kiangazi kikolee, kuanzia Julai hivi, mabua ya mashambani yakiwa yamekwisha. Hapo sehemu ilifunguliwa kidogo kidogo kwa ajili ya ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia. Lengo lilikuwa majani ya ng'ombe, lakini ardhi inayopumzishwa miezi minane kila mwaka huotesha mengi zaidi ya majani. Miti ilikua, nyuki walihamia, matunda yalikomaa na mizizi ya dawa ilipatikana karibu na nyumbani.

1890–1920: sotoka na mbung'o

Pigo la kwanza liliwaangukia ng'ombe. Ugonjwa wa sotoka, ulioingia Afrika kupitia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ulifika nchi za maziwa makuu mwaka 1890 na 1891 ukaua sehemu kubwa ya mifugo. Njaa na ndui vilifuata katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, huku utawala wa Wajerumani ukijisimika kwa bunduki.

Zizi tupu huendelea kuotesha mgagani kwa misimu michache, kisha nyasi huchukua nafasi, na baada ya nyasi huja vichaka. Ng'ombe walipopungua na watu wakasogea, mapori yaliyokuwa mipakani yalisambaa hadi kwenye mashamba ya zamani. Wanyama wa porini waliyafuata, na mbung'o wakawafuata wanyama. Mbung'o walileta nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha na Waingereza kuichukua Tanganyika, sehemu kubwa za Shinyanga, Maswa na Kahama zilikuwa mikononi mwa mdudu huyo. Mwaka 1922 mlipuko wa malale ulithibitishwa Maswa.

1921–1946: shoka na moto

Aliyepewa kazi ya kupambana na mbung'o alikuwa Charles Francis Massy Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika. Aliichagua Shinyanga kuwa makao ya utafiti wake, na mwaka 1929 ilipoundwa idara maalumu ya utafiti wa mbung'o, makao yake makuu yakawa Shinyanga ya Kale. Mji ambao Watanzania wengi wanaujua kwa pamba na almasi ulikuwa wakati huo moja ya vituo vikubwa duniani vya sayansi ya mdudu huyu. Aina moja ya mbung'o hubeba jina la Swynnerton mpaka leo.

Njia zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa moto uliocheleweshwa: nyasi zililindwa zisiungue mapema, kisha zikachomwa mwishoni mwa kiangazi zikiwa kavu kabisa, ili moto uwe mkali na uteketeze vichaka. Ya pili ilikuwa shoka. Maelfu ya watu walikusanywa na watemi wao kufyeka pori kwa nguvu za pamoja. Mtemi Makwaia wa Usiha alisifika kwa kuhamasisha kazi hiyo. Mwanawe, David Kidaha Makwaia, alikuja kuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1945.

Pamoja na Swynnerton alifanya kazi mtaalamu wa mimea Bernard Burtt, aliyeyachunguza mapori ya Shinyanga na ya katikati ya nchi kwa undani na kukusanya mimea mingi. Mwaka 1936 Swynnerton alichapisha kitabu kikubwa kuhusu mbung'o wa Afrika Mashariki. Mwaka 1938 wote wawili walikufa katika ajali ya ndege nchini Tanganyika.

Kampeni hiyo ilikuwa na sababu nzito, na wananchi wengi waliitaka. Malale yaliua, na ng'ombe walioangamia kwa nagana walikuwa akiba, mahari na heshima ya familia. Ardhi iliyofyekwa ilikaliwa upesi na mifugo ikaongezeka. Lakini shoka halikuchagua. Mti wenye kivuli cha mbung'o na mti wenye matunda ya watoto ilianguka siku moja. Hapa ndipo jiko la Shinyanga lilipogawanyika: vyakula vya miti vikaanza kuondoka, mboga za ardhi iliyovurugwa zikabaki.

1947–1973: pamba yatanda

Mwaka 1949 afisa kilimo N. V. Rounce alipochapisha kitabu chake juu ya kilimo cha majimbo ya Ziwa, Magharibi na Kati, aliielezea nchi hii kama nyika ya mashamba, mahali ambapo jicho huona mlimo na malisho mpaka upeo, miti ikiwa imebaki michache. Mandhari hiyo ilikuwa mpya, tokeo la miongo michache tu ya kufyeka.

Serikali ya kikoloni iliona udongo unamomonyoka na kuanzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma mwaka 1947. Watu walitakiwa kulima matuta kwa kanuni, kupunguza mifugo na kuhamia maeneo mapya yaliyofunguliwa, yakiwemo ya upande wa Geita. Amri zilikuwa nyingi na faini nazo zilikuwa nyingi. Upinzani ulikua, ukaungana na siasa za kudai uhuru, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 sehemu kubwa ya kanuni hizo haikutekelezeka tena.

Kilichofanikiwa ni pamba, kwa sababu ilileta fedha mkononi mwa mkulima. Paul Bomani na wenzake walijenga ushirika ambao mwaka 1955 ulipata umbo la shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, likawa moja ya mashirika makubwa ya wakulima Waafrika. Plau ya maksai ilienea, mashamba yakapanuka, na ngitili nyingi zikawekwa pamba.

Katika shamba la pamba, mgagani ulibadilishiwa hadhi. Bwana shamba aliuhesabu miongoni mwa magugu. Aliyepalilia aliung'oa, lakini mwanamke wa nyumba hiyo hiyo aliuokota na kuupika, na kwa miaka mingi palizi ilikuwa pia wakati wa kuchuma mboga. Dawa za kuua wadudu wa pamba zilipoenea, kuchuma katikati ya mistari hiyo kukawa hatari.

Hata hivyo mgagani ulihimili plau, na sababu iko katika maumbile yake. Ni mmea wa msimu mmoja: huota, huzaa maganda membamba yaliyojaa mbegu, hufa, na mbegu hungoja udongo uvurugwe tena. Mimea inayoishi miaka mingi haina bahati hiyo. Jambo hilo lilionekana pia kwenye nyika za Amerika ya Kaskazini, ambako Wadakota na ndugu zao Walakota walichimba kiazi-pori cha jamii ya kunde kiitwacho timpsila, wakakimenya, wakakisuka kwa mikia yake kama shada refu na kukianika kwa ajili ya majira ya baridi. Mwaka 1862 Wadakota walipigana na Marekani huko Minnesota na mwaka uliofuata wakafukuzwa. Mwaka huo huo wa 1862 sheria ilifungua milango kwa walowezi kupewa mashamba. Plau zilipopindua nyika, mzizi wa timpsila haukuweza kurudi pale ulipokatwa. Miti ya furu na ntalali ya Usukuma ilikuwa upande wa timpsila. Mgagani na mlenda vilisalimika.

1974–1985: vijiji na jangwa

Kufikia miaka ya 1970 kaya za Kisukuma zilikuwa bado zimetawanyika, kila moja na zizi, mashamba na pengine ngitili yake pembeni. Operesheni Vijiji, iliyofika Shinyanga mwaka 1974, ilibadili hilo kwa miezi michache. Familia zilitakiwa kuhamia kwenye vijiji vilivyopangwa ili zipate shule, zahanati na maji kwa urahisi, na Sheria ya Vijiji ya 1975 ikaipa hali hiyo msingi wa kisheria.

Shule zilijengwa na watoto wakasoma, faida ambayo haifai kusahauliwa. Lakini ngitili ilisimama juu ya jambo moja, kwamba mwenyewe anaishi karibu na kila jirani anajua mpaka. Mwenye ngitili alipohamishiwa kilomita kadhaa mbali, eneo lake halikuwa na mlinzi. Ng'ombe wa vijiji vikubwa walijazana kwenye malisho ya karibu, na kuni zilikatwa kuanzia jirani na kijiji kwenda nje, mwaka hadi mwaka. Mazizi ya zamani, vitalu vya mgagani vilivyojulikana kwa majina ya familia, yalibaki mbali na majiko.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanawake wa sehemu nyingi za Shinyanga walitembea saa nyingi kutafuta kuni, na penye uhaba mkubwa walichoma mabua ya pamba na samadi kavu. Samadi inapoishia jikoni, shamba hukosa mbolea na mgagani nao hukosa udongo wake. Mwalimu Julius Nyerere, alipoona hali hiyo katikati ya muongo huo, aliuita mkoa huu jangwa la Tanzania.

Wakati huo huo lilizuka jambo lisilotoka serikalini. Wizi wa mifugo ulikuwa umekithiri, na kuanzia 1981 na 1982 wananchi wa Kahama na Shinyanga waliunda ulinzi wa jadi wa sungusungu. Ulisambaa Usukuma nzima na Unyamwezi. Chombo hicho, kilichozaliwa kwa ajili ya ng'ombe, kingekuja kuwa mlinzi wa miti.

1986–2004: ngitili zinarudi

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada mkubwa wa Norwei, na baadaye kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, kikajiunga. Mwanzoni mradi ulifanya kama miradi mingi ya wakati ule: vitalu vya miche, miti ya kigeni, kampeni za kupanda. Miche mingi ilikufa kwa ukame na kwa midomo ya mbuzi.

Mabadiliko yalikuja pale wataalamu walipoanza kuwauliza wazee. Wendelen Mlenge, aliyeongoza mradi kwa miaka mingi, na wenzake waliona kwamba visiki na mizizi ya miti iliyofyekwa bado vilikuwa hai ardhini. Hapakuwa na haja kubwa ya kupanda. Ilitosha kuizuia mifugo kwa misimu michache, na pori lingeinuka lenyewe. Wasukuma walikuwa na utaratibu wa kufanya hivyo tangu zamani, pamoja na baraza la kuusimamia, dagashida, linalotunga kanuni na kutoza faini. Sungusungu wakawa wakamataji wa wanaozivunja.

Hesabu za HASHI zinaonyesha kasi ya kilichofuata. Mwaka 1986 mkoa ulikuwa na takriban hekta 600 tu za ngitili zilizoorodheshwa. Kufikia 2003 zilikuwa si chini ya hekta 350,000, zikiwa za familia, za vijiji na za taasisi kama shule, katika vijiji 833. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Utafiti uliofanywa kwa ajili ya serikali na shirika la uhifadhi IUCN, ukachapishwa katikati ya muongo huo, ulikadiria kuwa mazao ya ngitili yalikuwa na thamani ya takriban dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, zaidi ya wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini wakati huo. Watafiti walihesabu aina 152 za miti, vichaka na mimea inayotambaa katika maeneo yaliyorejeshwa, na aina 145 za ndege. Miongoni mwa bidhaa ambazo kaya zilizichukua humo zilikuwa kuni, majani ya kuezekea, dawa, asali, matunda, uyoga na mboga. Kuni zilipokuwa karibu, mwanamke alirudishiwa saa kadhaa za siku yake, na samadi ikarudi shambani.

Mafanikio hayo hayakugawanywa sawa. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi alifunga ngitili kubwa na kuuza majani ya malisho kwa jirani. Asiye na ardhi alitegemea ngitili ya kijiji, na pale uongozi ulipokuwa dhaifu, alipata kidogo. Mwaka 2004 mradi ulifungwa na kazi zake kuhamishiwa kituo cha serikali cha misitu ya asili na kilimo mseto, NAFRAC, mjini Shinyanga. Ulinzi wa ngitili ukabaki kwa wananchi na halmashauri zao.

1990 hadi leo: dhahabu

Wakati Shinyanga ikirejesha vichaka, magharibi yake kulikuwa na ukataji wa aina nyingine. Dhahabu ya Geita ilichimbwa na kampuni ya kikoloni tangu miaka ya 1930, na mgodi huo ulifungwa mwaka 1966. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu iliponunua dhahabu ya wachimbaji wadogo, maelfu ya vijana walimiminika Nyarugusu, Rwamgasa na Bulyanhulu. Wengi walitoka vijiji vya Usukuma vilivyochoka kulima pamba isiyolipa.

Migodi mikubwa ilifuata: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka uliofuata, Buzwagi mwaka 2009. Mwezi Machi 2012 Geita ikawa mkoa, ikiichukua Bukombe kutoka Shinyanga, na mashariki ukazaliwa mkoa wa Simiyu.

Duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, hula miti. Kuta zake hushikiliwa kwa matimba, yaani magogo yanayopangwa kuanzia mdomoni hadi chini, na duara lenye kina kirefu huhitaji mengi. Juu ya ardhi kuna karasha zinazosaga mawe, mialo inayosafisha udongo, na mama lishe wanaopikia mamia ya watu kwa kuni na mkaa. Kambi inayozuka kwa mwezi mmoja humaliza vichaka vya karibu kabla serikali ya kijiji haijakaa kikao.

Hata hivyo kambi hizo zimekuwa pia soko la mboga za asili. Vijana walioacha nyumbani wanataka ladha za nyumbani, na mgagani, mlenda na nsansa huuzwa kwa mafungu kando ya ugali wa mgodini. Mwanamke aliyekuwa akichuma kwa ajili ya nyumba yake sasa huchuma, au hupanda, kwa ajili ya kuuza.

Hapo kuna hatari inayohitaji kusemwa waziwazi. Wachimbaji wengi hukamata dhahabu kwa zebaki, na zebaki haipotei. Hubaki kwenye marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, kwenye madimbwi ya mialo na kwenye udongo wa mahali inapochomwa. Mgagani huota popote udongo ulipovurugwa, na kando ya mwalo huota vizuri kabisa. Mboga ya hapo haifai kuchumwa, hata iwe imenawiri vipi.

Mboga ya maskini yaingia maabara

Katika miongo mitatu iliyopita mgagani umepata marafiki wapya. Carl Linnaeus aliupa jina la kisayansi mwaka 1753, lakini utafiti wa kina juu yake ni wa karibuni. Mmea huu hutengeneza chakula chake kwa mfumo uleule wa mahindi na mtama, unaotumia maji kwa uangalifu kwenye joto kali, na wanasayansi wanaotaka kuupa mpunga uwezo huo wameuchunguza kama mfano. Majani yake yana vitamini A na C, chuma na chokaa kwa wingi. Mwaka 1992 watafiti waliofanya kazi Kenya walichapisha matokeo kwamba kupe huukimbia mmea huu, jambo lenye uzito kwa wafugaji.

Mwaka huo huo wa 1992 kituo cha kimataifa cha mbogamboga kilifungua tawi lake la Afrika mjini Arusha, ambako mbegu za mgagani, mnavu, mchicha na mboga nyingine za asili hukusanywa, huboreshwa na kusambazwa. Mwaka 2002 mtaalamu wa mimea Christopher Ruffo na wenzake walitoa kitabu cha mimea-pori inayolika ya Tanzania, chenye maelezo ya jinsi kila mmoja unavyotayarishwa. Nchini Kenya mboga hizi zimepanda hadhi hadi kwenye maduka makubwa ya Nairobi.

Mgagani unaweza kupandwa bustanini, na unapaswa kupandwa, kwa kuwa mahitaji yapo na mbegu zipo. Furu, ntalali, uyoga na asali haviwezi kufuata njia hiyo kwa urahisi. Vinahitaji ardhi iliyopumzishwa, na ardhi ya namna hiyo inabanwa kila mwaka na mashamba mapya, makundi ya ng'ombe, tanuri za mkaa na vitalu vya madini.

Historia imeshaonyesha kinachofanya kazi. Amri za mwaka 1947 zilishindwa, kuhamishwa kwa 1974 kulivunja ulinzi uliokuwepo, na kanuni za dagashida zilirejesha maelfu ya hekta chini ya miaka ishirini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinaviruhusu vijiji kutenga maeneo na kuyatungia sheria ndogo. Vijiji vya Shinyanga na Geita ambavyo bado havijaandikisha ngitili zao vifanye hivyo sasa, kabla mwenye leseni ya uchimbaji hajafika na ramani yake. Halmashauri zitenge maafisa wa kusaidia upimaji, na katika vikao hivyo wanawake wanaochuma wapewe nafasi ya kusema mipaka ipite wapi, kwa kuwa wao ndio wanaojua kinachoota humo. Na kila familia yenye zizi la zamani iache mashina machache ya mgagani yakomae, ikusanye mbegu zake na kuwagawia majirani.